Mume wangu husema "popote ni sawa", na hatuendi popote

Swali: Tunaishi Donholm, huu ni mwaka wa saba wa ndoa yetu na tuna mtoto wa miaka 5. Mume wangu hufanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja Industrial Area, mimi niko ofisini Upper Hill Jumatatu hadi Ijumaa. Hatuna gari. Kila Januari tunaahidiana Mombasa, na kila Desemba tunajikuta tumeenda tu ushago kwao Kakamega. Mimi ndiye hutafuta mahali pa kwenda. Nikimuuliza ananijibu "popote ni sawa", na siku ikifika amechoka. Wikendi tunakaa kila mtu na simu yake. Tunaweza kutenga shilingi elfu 6 kwa mwezi. Tungependa mwaka wa safari fupi fupi, na nyumbani nako pasiwe pa kulala tu. Tuanzie wapi? Na je, ni vibaya nikitoka peke yangu akiwa kazini?

Jibu: Dada, barua yako nimeisoma nikitafuta mahali ulipolalamikia pesa, sikupaona. Elfu 6 kwa mwezi ni elfu 72 kwa mwaka, na hizo zinaweza kuwatoa Donholm mara nyingi, Mombasa ikiwemo. Uchovu wa mumeo ni wa kweli lakini una dawa yake, nitaufikia. Kinachowakwamisha umekitaja kwa kupitia tu, kana kwamba ni jambo dogo: wewe ndiye hutafuta mahali, yeye husema "popote ni sawa".

Maneno hayo nayasikia mno kutoka kwa wanandoa wanaokuja kuketi nami, na anayeyasema kwa kawaida huamini anafanya hisani. Hagombani, hachagui, amekubali yote. Lakini tazama mzigo anaoutua mezani. Mtu mmoja atafute mahali, aulize nauli, ahesabu viingilio vya watu watatu, apakie chakula cha mtoto, aangalie kama mawingu yale ni ya mvua, na mambo yakiharibika ndiye "aliyetuleta huku". Ukifanya hivyo mara kadhaa, hata wewe unayependa kutoka unaanza kuona afadhali ulale. Ndipo mnapoishia na simu.

Upande wake pia nitausema, kwa kuwa yeye hakuniandikia. Wanaume wengi wenye jibu hilo walianza kwa kupendekeza. Alisema twendeni soko la Burma tukale nyama, akaambiwa kuna moshi na nguo zitanuka. Akasema twende mpira, akaambiwa hayo ni mambo yake na marafiki zake. Akanyamaza, na tangu hapo kila mahali pakawa sawa. Jioni moja ambayo hana haraka, muulize ni pendekezo lake gani la mwisho ulilolikataa. Atalikumbuka, pengine na siku yenyewe.

Kwa hiyo utaratibu kwanza, mahali baadaye. Gaweni miezi: Januari wako, Februari wake, na hivyo hivyo hadi mwisho, isipokuwa mwezi wa Mombasa ambao ni wenu wote. Mwenye mwezi anaamua kila kitu: waende wapi, saa ngapi, kwa matatu gani, wale nini, nani abebe mkoba. Anashika pia zile elfu 6. Mwenzake ana haki moja tu, ya kusema mapema siku gani hawezi. Malalamiko yanangoja mpaka mrudi nyumbani na kuvua viatu. Mwezi wake akikupeleka uwanja wa Nyayo kutazama Gor Mahia na AFC Leopards, vaa viatu vya kusimama, uende na upige kelele. Mwezi wako ukimpeleka Kenyatta Market akakaa na nyama choma huku wewe unasukwa nywele, hiyo pia ni siku ya kutoka. Soko hilo limekaa hivyo miaka mingi, wasusi upande huu na wachomaji upande ule, na naona waliolipanga waliielewa ndoa.

Sasa huo uchovu. Umesema siku ikifika amechoka, lakini hukusema siku hiyo ilifuata zamu gani. Mtu aliyetoka zamu ya usiku asubuhi ya Jumamosi hana Jumamosi. Mwili wake uko usiku wa manane hata kama jua limewaka, na ukimvuta hadi msitu wa Karura saa tatu asubuhi utakuwa umebeba mzigo wa pili baada ya mtoto. Bandikeni ratiba yake ya zamu mlangoni mwa friji, mkate kwa kalamu nyekundu kila siku inayofuata zamu ya usiku. Hizo hazipangiwi kitu. Siku zitakazobaki zitakuwa chache, na nyingine zitaangukia Jumanne au Jumatano, na hapo ndipo wengi hukata tamaa kwa sababu mke yuko ofisini.

Mimi naona siku ya katikati ya wiki kuwa bahati. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo, akishatimiza miezi 12 kazini. Wengi wenu wa ofisini mnaimeza yote Desemba, nusu yake ikiishia kwenye foleni ya Gilgil na Nakuru. Zungumza na mkubwa wako ukate siku 5 au 6 za likizo yako, moja moja, uzipeleke kwenye siku zake za mapumziko. Jumanne Karura haina msongamano wa Jumapili, baiskeli za kukodi zipo, na mtoto akiwa shule ya chekechea mna saa kadhaa za kuwa watu wawili tu. Kama hamjakumbuka mara ya mwisho mlipokuwa wawili mchana bila mtoto, bila shemeji na bila mazishi ya mtu, anzieni hapo.

Pengine unawaza kwamba safari ndogo namna hii ni za kujifariji tu na kwamba Mombasa ndiyo safari. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Jeroen Nawijn walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 1,530 nchini Uholanzi. Waliokuwa wakingojea likizo walikuwa na furaha kuliko wasioenda, lakini baada ya kurudi tofauti hiyo ilikuwa imeyeyuka, isipokuwa kwa wale waliosema walipumzika kwelikweli. Mimi nimechukua hapo funzo la kawaida kabisa: raha nyingi iko katika kungojea, basi jipeni vitu vingi vya kungojea. Utafiti mwingine wa Arthur Aron na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, uliwafunga wanandoa pamoja kwa mikanda kifundoni mwa mkono na mguu, ukawatambaza kwenye mikeka huku wakibeba mto bila kutumia mikono. Dakika 7 tu za kichekesho hicho, na waliofanya hivyo walieleza ndoa zao kwa uzuri zaidi kuliko waliopewa kazi ya kuchosha. Hakuna anayewaomba mtambae sebuleni. Ila mnaona kwamba umbali haukuwa na kazi pale. Kilichofanya kazi ni ugeni wa jambo na kulifanya pamoja.

Mwaka wenyewe ningeupanga kwa mvua, maana Nairobi hupangwa na mvua hata usipotaka. Januari na Februari ni kavu. Machi hadi Mei ni masika. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu, Julai ikiwa mbaya zaidi. Oktoba hadi Desemba vuli inaingia na kutoka. Ukipanga kinyume na hapo utalipa kwa matope.

Januari wenyewe ni Njaanuari, karo imelipwa na mshahara wa Desemba uliingia mapema ukaisha mapema. Tembeeni kwa miguu. Karura ni zaidi ya hekta 1,000 za msitu katikati ya jiji, na ingieni kwa lango la Kiambu Road, maana kutoka Eastlands ndilo rahisi. Kuna maporomoko ya maji na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Mweleze mtoto pia kwamba msitu huo upo kwa sababu mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda pale kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa wajenzi, wakapigwa, na hawakuacha. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Miaka 5 anaelewa vizuri hadithi ya mtu aliyekataa kuondoka. Kama hata hiyo ni mbali, Arboretum iliyo karibu na Ikulu ilianzishwa mwaka 1907 na miti yake imekuwa mirefu kiasi kwamba saa sita mchana kuna baridi chini yake. Bebeni ndizi mkijua tumbili watawakagua.

Februari nendeni Hell's Gate, Naivasha. Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu kwa watu wasio na gari sijaona safari ya siku moja inayoishinda. Ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambazo unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli au kwa miguu, na pundamilia na twiga wako pale pale kando ya barabara wakikutazama. Pandeni matatu ya Naivasha mjini kati, upande wa River Road na Nyamakima, mwondoke saa kumi na mbili asubuhi. Naivasha mtabadilisha gari lipitalo barabara ya kusini ya ziwa, mshuke njia panda ya lango la Elsa. Pale vijana hukodisha baiskeli. Jaribuni breki kabla ya kulipa, zungusheni kanyagio, kagueni kiti. Kiingilio hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, kwa hiyo fungueni akaunti na kuangalia bei mkiwa nyumbani, na mbebe vitambulisho ili mtozwe bei ya raia. Mtoto mwachieni mtu mnayemwamini, isipokuwa mpate baiskeli yenye kiti cha nyuma kilicho imara.

Yule mwenye mwezi atataka mshuke hadi kwenye korongo la Ol Njorowa. Shukeni askari wa mbuga wakiruhusu, lakini Februari, jua likiwa kali na bila wingu upande wowote. Korongo hilo ni jembamba, na mvua ikinyesha mbali kule juu maji hufika kwa ghafla hata kama wewe umesimama juani. Mwaka 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliwaua watu waliokuwa matembezini. Askari wa mbuga wakisema leo hakushukwi, msibishane nao wala msimtafute kijana wa kuwapitisha kwingine.

Mkirudi jioni miguu inatetemeka, kaeni Naivasha mle samaki kabla ya matatu. Kwenye gari la kurudi mtalala mmeegemeana, na hiyo sikuiweka kwenye bajeti.

Machi, Aprili na Mei ndipo penye siri ya mpango huu. Hamwendi popote mbali. Mnatumia kama shilingi 1,500 kwa mwezi na 4,500 zinabaki, na ikifika mwisho wa Mei mna 13,500 zilizolala. Hizo ndizo Mombasa. Ziwekeni mahali ambapo kuzitoa ni kazi, akaunti ya kufunga ama chama cha watu wawili, si kwenye M-Pesa ambamo zitaliwa na michango ya harusi. Kwa hizo 1,500 mnaweza kwenda Makumbusho ya Reli, yaliyo karibu na stesheni kuu ya zamani. Nadhani ni sehemu inayopuuzwa mno katika jiji hili, jiji lenyewe likiwa limezaliwa na reli iliyofika hapa mwaka 1899. Kuna garimoshi za mvuke ambazo mtoto anaweza kupanda, na kuna behewa ambalo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall usiku wa mwaka 1900 huko Kima, alipokuwa amelala akimvizia simba huyo huyo. Mvua ikinyesha kwa nguvu, mchezo wa kuigiza kwenye Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo unatosha, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1952.

Siku nyingine zote za miezi hiyo ni za nyumbani, na kuhusu nyumbani nina maneno mengi kuliko kuhusu Mombasa.

Kwanza, mama fua. Katika zile 1,500 toa za kumlipa mama fua siku moja. Najua utasema hiyo si pesa ya starehe. Lakini niambie Jumamosi yako inaishia wapi. Inaishia karaini. Ukimaliza kufua, kuanika, kuanua mbio mvua ikidondoka na kuanika tena, hutaki kuzungumza na mtu, na mume anayekuona umekunja uso anachukua simu kwa kujihami. Nimewahi kuwaambia wanandoa waache kuja kwangu kwa muda, hela ya ushauri wampe mama fua, na sikuwa natania.

Pili, wageni. Nyumba za Eastlands hazina Jumapili; kuna binamu aliyekuja kutafuta kazi, kuna kikundi cha kanisa, kuna mtu "aliyekuwa tu anapita". Ukarimu ni mzuri na sikuambii uuache. Chagueni Jumapili moja ya mwezi, mwambie mapema kila anayehusika kwamba siku hiyo hampo, na mbaki nyumbani. Sioni uongo hapo. Hampo kwa ajili yao.

Tatu, jikoni. Mwenye mwezi ndiye anayepika siku hiyo, hata kama mwezi ni wa mumeo na chapati zake zitatoka na umbo la ramani ya Turkana. Wewe kaa kwenye stuli umsimulie, usimsahihishe mkono. Wanaume wengi waliojifunza kupika walijifunza mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwanyang'anya mwiko. Na kama nyumba yenu ina ile desturi ya kula mbele ya runinga, siku hiyo sahani zirudi mezani, mtoto akiwa katikati.

Kuhusu simu, sitakuambia mzizime siku nzima. Mtu wa zamu huitwa kazini ghafla, na ukimwekea sheria asiyoweza kuitimiza ataivunja wiki ya kwanza na sheria nyingine zote zitaanguka nayo. Saa moja inatosha, tuseme kuanzia saa mbili usiku mtoto akilala. Sauti ya mlio iachwe wazi, simu ikae juu ya kabati. Wekeni kitu cha mikono: drafti ya vifuniko vya soda, karata, kuchambua maharagwe ya kesho. Watu wawili wakiwa na kazi ndogo mikononi husema mambo ambayo hawawezi kuyasema wakitazamana uso kwa uso. Ndiyo maana stima ikipotea, nyumba nyingi hucheka zaidi usiku ule kuliko wiki nzima.

Juni pita nayo haraka, ni mwezi wa sweta. Tarehe 1 ni Sikukuu ya Madaraka. Kuleni nyama Burma pale Jogoo Road, ambapo kutoka kwenu ni karibu, mkipita kutazama Kaloleni na ule ukumbi ambao wanasiasa wa enzi za kupigania uhuru walikuwa wakikutania.

Julai ndipo watu wa Nairobi wanapokosea kwa kukimbilia milimani. Ukiwa na baridi, shuka. Barabara ya Magadi inateremka kutoka Kiserian hadi chini ya Bonde la Ufa, na kila kona unavua kitu. Olorgesailie iko huko, kama kilomita 70 kutoka mjini: eneo la kale ambalo Louis na Mary Leakey walilichimba miaka ya 1940, na mashoka ya mawe ya binadamu wa kale, mengine ya karibu miaka milioni moja, yamelala hadi leo pale pale yalipookotwa huku wewe ukipita juu yake kwa daraja la mbao. Tatizo ni usafiri, magari ya Magadi ni machache. Ama mmuulize dereva saa ya kurudi kabla hamjashuka, ama mchange na wanandoa wengine mkodi gari la siku. Maji mengi, kofia ya mtoto, na mkirudi Kiserian kuna nyama.

Agosti shule zimefungwa. Mtoto akienda kwa shangazi yake hata siku mbili, pandeni mlima Longonot nyinyi wawili. Kilele kiko mita 2,776, na kwenye ukingo wa kasoko, lile shimo la volkano, pekee kuna mzunguko wa zaidi ya kilomita 7, mbali na kupanda kwenyewe. Tafuteni gari lipitalo barabara ya chini ya Mai Mahiu. Mtaona pia kile kikanisa kidogo kilichojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara ile. Vumbi la Longonot huteleza kama unga, viatu vya mitumba vyenye meno ni bora kuliko raba mpya laini. Hamlazimiki kuzunguka wote. Mmoja wenu akisema tumefika, mmefika.

Kama mlima huo ni mwingi, vilima vya Ngong ni nusu siku: matatu nambari 111 hadi Ngong mjini, boda hadi langoni, halafu mgongo wa vilima wenye mitambo ya upepo hadi mtakapochoka. Wenye nguvu hutokea Kona Baridi upande wa pili na kurudi kwa gari la Kiserian. Msiende peke yenu sehemu za mbali, chukueni askari wa msitu au mjiunge na kundi, na mteremke jua likiwa juu.

Septemba ni Mombasa. Masika imeisha zamani, vuli haijaanza, shule hazijafunga na vyumba havijapanda bei. Treni ya SGR, tangu Januari 2024, ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima daraja la kawaida, na mtoto wa umri wa wenu hulipa nusu. Kwenda na kurudi watatu ni 7,500. Katika zile 13,500 mnabaki na 6,000, ongeza 6,000 za Septemba yenyewe, mna 12,000 za siku mbili za kulala na kula. Ni kidogo lakini zinatosha mkichukua chumba chenye jiko huko Bamburi au Mtwapa na kupika wali wenu, badala ya hoteli yenye bwawa ambalo mtoto ataogopa. Kateni tiketi mapema mno, hasa ya kurudi Jumapili. Pandeni treni ya asubuhi, maana ndiyo inayopita Tsavo mchana, na ndovu wekundu kwa vumbi huonekana dirishani bila kiingilio. Kumbukeni tu kwamba Miritini inaposimama si mjini. Wekeni nauli ya matatu hadi mtakakolala. Asubuhi moja ya mji wa kale na Fort Jesus, ngome waliyoianza Wareno mwaka 1593, halafu bahari mpaka mtoto alie kutoka majini.

Oktoba na Novemba msijibane. Mijakaranda imechanua, barabara ni za zambarau, na kutembea tu jioni ni safari.

Desemba nitakuudhi kidogo. Ushago si likizo yenu. Ni wajibu, na ni wajibu mzuri, lakini mke aliyepikia watu 20 jikoni kwa mama mkwe kisha akaambiwa "si tulienda likizo?" ana haki ya kununa. Kwa hiyo ushago uwe ushago, na ndani yake mwibe kitu chenu. Njiani kuna Nakuru, na juu ya mji kuna Menengai, kasoko ambalo ukisimama ukingoni unaona upande wa pili kwa shida. Lala Nakuru usiku mmoja. Nauli za Desemba hazipungui kwa kwenda moja kwa moja, na mtoto atafika hajatapika. Na mkiwa Kakamega, mwambie mumeo akupeleke Msitu wa Kakamega. Nimekutana na watu wengi wa Kakamega ambao hawajawahi kuuingia. Ni kipande kilichobaki Kenya cha msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo, na alfajiri kwenye kilima cha Buyangu ukungu ukiwa chini yako, huyo mtu wa "popote ni sawa" atakuwa ndiye mwenyeji anayekuonyesha kwao. Huo mwezi mpe yeye hata kama zamu inasema ni wako.

Kuhusu kwenda peke yako akiwa kazini: si vibaya, na usingoje ruhusa kama mtoto wa shule, ila mwambie. Kuna Jumamosi atakuwa zamu ya mchana na jua limetoka. Mchukue mtoto mwende Arboretum, au umwache kwa shangazi uende makumbusho ya taifa kutazama mifupa ya kale ya yule mvulana wa Turkana kwa saa nzima ukitaka. Nami ningependa naye apate siku zake za namna hiyo, ikiwemo ya kulala tu. Utakaporudi usimfanyie hesabu ya alichokosa. Msimulie kama ungemsimulia rafiki. Sehemu moja tu ndiyo ningewaombea msiitangulie mmoja bila mwenzake, hata ofisi ikilipa, nayo ni Mombasa ya Septemba. Ofisi ikikutuma semina huko mwezi Juni, nenda ufanye kazi, na usikanyage ufuo.